Dakika Tano za Mwisho

"Hii si yadi ya malori! Nimekwambia ulitoe, tena nimekwambia kwa Kiswahili kizuri, au unataka nikuambie kwa Kimeru?"

"Dada, nimekusikia. Nipe dakika kumi tu."

"Dakika kumi ulipewa saa nane. Saa hii ni saa kumi! Hizo dakika zako unazihesabu na kalenda?"

Sauti ya Gakii ilimfikia Melania kabla hajakata kona ya mtaa wao pale Mansfield, Texas. Gakii bwana! Akitaka kuongea na mtu wa Arlington hana haja ya simu, anafungua dirisha tu. Alikuwa Mkenya, muuguzi kama Melania, mjumbe wa kamati ya mtaa, na mtu wa kujua nani kanunua sofa jipya kabla sofa lenyewe halijashushwa kwenye gari. Moyo wake mzuri, mdomo wake Mungu mwenyewe anaujua.

Melania alipunguza mwendo. Alikuwa ametoka zamu iliyoanza saa kumi na mbili asubuhi, miguu imemvimba ndani ya viatu, na alichokitaka duniani Jumamosi ile kilikuwa beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mbele ya nyumba ya Gakii, iliyopakana na yake, lilikuwa limesimama gari la kuishi ndani, yale ambayo Wamarekani wanayaita RV. Refu, jeupe lililochoka, lina mstari wa kahawia ubavuni, matope yamepanda mpaka madirishani. Lilikuwa limeziba nusu ya njia ya kuingilia gereji.

"Wageni wangu wa chama cha kuchangiana wanakuja saa kumi na moja," Gakii aliendelea, kidole hewani. "Wana-park wapi? Kwa paa?"

"Samahani, dada."

"Ona sasa! Melania! Afadhali umefika. Njoo unisaidie na huyu Mtanzania mwenzako. Nikimgombeza anasema samahani. Nikimfokea anasema samahani. Mtu anagombana aje na samahani? Nimechoka mimi!"

Mwanaume yule alikuwa amewapa mgongo. Fulana ya bluu, mabega mapana yaliyoinama kidogo, na mkono wa kushoto umeshika kisogo.

Melania alizima gari katikati ya barabara. Hakuegesha, alizima tu. Kuna mtu mmoja tu aliyemjua yeye ambaye akisemwa hushika kisogo namna ile, kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Miaka minane alikuwa hajakiona kile kisogo.

Mwanaume akageuka.

"Melania."

"Khalfan."

Basi. Majina mawili tu. Lakini Gakii, ambaye pua yake ya umbea haijawahi kumdanganya, alishusha kidole polepole na kunyamaza, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa mtaani pale.

"Uko mzima?" Khalfan aliuliza. Macho yake yalimpitia kutoka kichwani hadi miguuni, haraka haraka, kama anayetafuta jeraha.

"Mzima. Kwa nini nisiwe mzima?"

Akakaa. Alikaa pale pale kwenye kingazi cha gari lake, ghafla. Akafunika uso kwa viganja viwili na kushusha pumzi ndefu.

"Kisanduku kimezima siku nne," alisema kwenye viganja. "Siku nne, Melania. Redio inasema Mansfield kimbunga, Mansfield mvua ya mawe, watu wameezuliwa mapaa. Nafungua simu, kisanduku hakipo. Asubuhi hakipo. Jioni hakipo. Nikasema hawa watu nyumba imewaangukia."

"Kisanduku gani?" Gakii alidakia.

Melania alikuwa ameshaondoka pale. Kimawazo alikuwa amerudi Houston.

Alikuwa amerudi Sharpstown, kwenye yale maghorofa ya matofali mekundu yaliyopakana na Gulfton, mabomba ya viyoyozi yakidondosha maji mchana kutwa na harufu ya vitunguu vya mataifa kumi ikipanda kwenye ngazi. Yeye alikaa chini, namba mia moja na kumi na nne. Khalfan alikaa juu yake, mia mbili na kumi na nne. Kijana wa Tanga, anasomea mashine za kupumulia wagonjwa, ana viatu jozi moja na maneno matamu kama halua. Wala hawakufahamiana kwa mapenzi. Walifahamiana kwa televisheni.

Melania alikuwa akipenda mashindano ya kuoka keki, kila Alhamisi, na kila Alhamisi yuko zamu. Khalfan aliposikia, hakusema neno. Wiki iliyofuata akanunua antena, akaibandika dirishani kwake, akaunganisha kisanduku cheusi kidogo kama sahani ya mkate, kile cha kunasa vipindi na kuvihifadhi. Kisha akateremsha waya kupitia nje ya dirisha, ukapita katikati ya kanga za Mama wa Kikongo aliyeanika nguo, ukaingia sebuleni kwa Melania.

"Utarudi kazini, utakuta keki zako zinakungoja," alimwambia.

Zilimngoja kweli. Na siyo keki tu. Alikuta na watu. Ile sebule ya namba mia moja na kumi na nne iligeuka ukumbi wa sinema. Wakongo, Wakenya wa ghorofa ya tatu, Mama wa kanga na mabinti zake wanne, wote wamekaa chini, bakuli la bisi linazunguka, kila mtu ana mshindi wake. Khalfan aliwaongoza kama padri wa sinema. Kipindi kilikwenda mpaka zikabaki dakika tano, pale majaji wanapojipanga na wapishi wameshikana mikono wanatetemeka. Hapo anasimamisha.

"Oyaa, maliza basi!" watu wanapiga kelele.

"Mwenye keki hajafika."

Wanasubiri. Mlango unafunguka, Melania anaingia na sare yake ya kazi, sebule nzima inamshangilia kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Anakaa kwenye mkono wa sofa pembeni ya Khalfan. Ndipo dakika tano zinaachiwa. Ukimuuliza leo mshindi wa mwaka ule alikuwa nani, hakumbuki. Anakumbuka bega lake lilivyogusa bega lingine, na hakuna aliyelisogeza.

Halafu akaja mama yake kutoka Moshi.

Bi Ndeshi alimpenda Khalfan mwanzoni, hilo lazima lisemwe. Alimpikia miezi miwili. "Huyu mtoto anakula kama mtu," alisifia. Mpaka siku Khalfan alipovaa shati la kupiga pasi, akaketi mezani, na kabla ya kugusa chakula akasema anaomba kutuma wazee Moshi kuja kuposa. Bi Ndeshi hakupiga kelele. Aliinyanyua ile sahani ya wali mbele yake, ikiwa inafuka moshi, akairudisha jikoni.

"Wajukuu zangu wasali wapi? Na kwetu Kibosho nikaseme nini?" aliuliza kutoka jikoni. "Wewe ni kijana mzuri. Naomba unipe neno lako. Usimpigie simu mwanangu tena."

Na Khalfan, kwa vile ni mtu wa samahani, akatoa neno lake. Siku ya kuhama alishuka na kile kisanduku, akamkabidhi Melania mlangoni bila kumwangalia. "Vipindi vyako viko humu," alisema. Ndivyo walivyoachana. Melania alihamia Mansfield na kisanduku chake, na Khalfan akanunua gari la kuishi ndani, akawa mtu wa mikataba ya wiki kumi na tatu, leo hospitali ya Lubbock, kesho Odessa, keshokutwa Amarillo.

Lakini simuni kwake alikuwa bado ana ufunguo wa kile kisanduku. Ukiwa na mtandao, kinachonaswa na antena ya Mansfield unakitazama popote ulipo, hata jangwani.

"Dada Melania," Gakii alirudisha watu duniani, "mimi sitaki kuingilia. Lakini gari yako iko katikati ya barabara, hii nyumba ya magurudumu iko kwa driveway yangu, na mimi sielewi hata kitu kimoja. Huyu ni nani?"

"Alikuwa jirani yangu Houston."

"Jirani!" Gakii aligonga mapaja yake. "Mimi ni jirani yako miaka tano, na hujawahi niangalia hivyo."

Khalfan alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Anwani nilipewa na Mama wa kanga wa Sharpstown. Nimegonga mlango tangu saa nane. Hakuna mtu. Nikasema nisubiri nikuone tu kwamba uko hai, niondoke. Sikupiga simu, Melania. Neno langu sijalivunja."

"Hakuna mtu?" Gakii aliingia tena. "Mama yake yuko ndani! Hilo pazia linacheza tangu saa nane. Mimi nilidhani ni paka."

Wote watatu wakageuka. Pazia la sebuleni lilitikisika, likatulia.

Kisha mlango ukafunguliwa.

Bi Ndeshi alitoka barazani na kitenge kiunoni, sweta juu ingawa kulikuwa na joto, na rimoti ya televisheni mkononi ameishika kama fimbo. Alikuwa amezeeka. Khalfan aliinuka kutoka kwenye kingazi, akavuta fulana chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Ile salamu ilibaki hewani, haina pa kutua. Mtu mzima akinyimwa marahaba mbele ya watu, afadhali hata angepigwa kofi.

"Kisanduku nimekichomoa mimi," Bi Ndeshi alisema.

"Mama! Si uliniambia ni radi?" Melania alishtuka. "Ulisema umechomoa kila kitu kwa sababu ya radi!"

Na alimwamini, maana ni kweli mama yake tangu aje alikuwa akisikia tone moja la mvua anazunguka nyumba nzima anachomoa nyaya, mpaka ya friji. Ndivyo wanavyofanya kwao. Mvua ilipokatika, Melania alichomeka televisheni na friji, akakimbilia kazini. Zamu nne mfululizo. Kabatini kulikokaa kisanduku hakuchungulia.

"Radi ilikuwepo," Bi Ndeshi alisema. "Lakini kabla ya radi nilibonyeza hii kitu vibaya, ikaniletea orodha ya wanaoangalia. Sebuleni. Chumbani. Khalfan. Khalfan! Miezi mitatu mimi nakaa pale naangalia keki zangu, kumbe niko na mtu! Na nilikuwa nashangaa. Naacha kipindi kwenye unga, nikirudi nakikuta kimefika kwenye oveni. Nikasema nyumba hii ina jini. Nimesali rozari mara tatu kwa ajili yako, wewe!"

Gakii aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Samahani mama," Khalfan alisema.

"Usiniletee samahani. Na wewe Melania. Ulijua?"

Hapo ndipo pagumu. Miaka minane Melania hakumwambia mama yake hapana hata siku moja. Sahani ilipoondolewa mezani alinyamaza. Alipoletewa Severin, mhasibu wa Arlington mwenye gari safi na kadi ya jumuiya ya kanisani, alinyamaza pia. Jumapili tatu amemkaribisha chai, na mama alikuja safari hii ili jambo lile limalizike. Alimtazama Khalfan. Nywele za kandokando zimeanza mvi. Macho yamekuwa mekundu kwa vumbi la njia ya Amarillo na usingizi.

"Nilijua," alisema. "Tangu mwezi wa kwanza tulipoachana."

Khalfan aliinua kichwa.

"Nilijua, mama. Paswedi ni ile ile ya Sharpstown, sikuibadilisha kwa makusudi. Unaona zile mechi za mpira zimejaa mle? Mimi najua nini mpira? Nilikuwa namrekodia yeye. Nikitoka kazini nakuta mechi imeangaliwa, najua yuko hai, nalala. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yangu. Umeikata siku nne na mimi mwenyewe sikujua."

"Mimi nilidhani kinarekodi chenyewe," Khalfan alinong'ona.

"Kinarekodije chenyewe timu ya Houston kila wiki, mwanaume wewe?" Gakii alishindwa kujizuia. "Ai! Hata mimi nimejua, na nimefika saa hii!"

Bi Ndeshi hakucheka. Alishuka ngazi mbili za baraza, taratibu, goti lake la kulia lilikuwa linamsumbua. Akasimama mbele ya Khalfan. Alikuwa mfupi, ilibidi amtazame kwa kuinua kidevu.

"Nijibu kitu kimoja. Kila kipindi cha keki unaangalia mpaka zibaki dakika tano. Unaacha. Hurudi. Nimekuchunguza, hurudi kabisa. Kwa nini?"

Khalfan alishika kisogo.

"Ukikimaliza, mama, kisanduku kinadhani hakitakiwi tena, kinakifuta. Ukibakiza kidogo kinakitunza. Nilitaka akikute."

"Ni hilo tu?"

Gari moja lilipita polepole likakwepa lile la Melania, dereva akachungulia, akaendelea.

"Siyo hilo tu. Zile dakika tano sijawahi kuziangalia bila yeye. Najaribu, nasimamisha. Nimekaa kwenye gari hili miaka minane, mama, hakuna mshindi hata mmoja ninayemjua. Wenzangu kazini wakianza kusimulia naziba masikio."

Melania aligeuza uso upande wa miti ya Gakii. Hakutaka Gakii aone machozi yake, lakini Gakii mwenyewe alikuwa akijifuta kwa ukosi wa blauzi.

Bi Ndeshi aliipapasa ile rimoti, akaigeuza, akaipapasa tena. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka.

"Jumapili iliyopita alikuja Severin. Nimemwekea chakula, nimekaa naangalia keki zangu, nimefika pale wanaposhikana mikono. Yeye yuko kwenye simu yake. Bila kuinua macho ananiambia, 'Mama usihangaike, ameshinda yule mwanamke mnene, nimeona hapa.'" Akavuta pumzi. "Ameniambia. Hivi hivi. Huku anatafuna nyama yangu."

"Shenzi sana," Gakii alisema kwa uchungu wa dhati.

"Usiku ule nilikaa nikafikiri. Nikasema huyu ndiye ninayempa mtoto wangu akae naye miaka arobaini? Na yule jini, ambaye hata simjui, ananiachia mimi mwisho." Alimtazama Khalfan. "Halafu Jumanne naona jina lako. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ningependa awe mtu mwingine."

"Ningeweza kuondoka, mama," Khalfan alisema. "Nimeshamwona. Jumatatu naanza mkataba Montana. Sikuja kukusumbua."

"Montana ni wapi?"

"Mbali, mama. Kaskazini, kwenye barafu."

"Huko kuna keki?"

"Kama kisanduku kimechomekwa, zipo."

Melania alikuwa ameshaimaliza ile nusu hatua iliyobaki kati yake na Khalfan. Hakumshika. Alisimama tu pembeni yake, bega kwa bega, kama kwenye mkono wa sofa. Bega halikusogezwa. Bi Ndeshi aliyaona yale mabega mawili. Alishawahi kuyaona Sharpstown, akajifanya hakuyaona.

"Mama," Melania alisema, "nikikwambia leo kwamba mimi simtaki Severin, wala sitamtaka, utafanya nini?"

"Nitafanya nini? Nimepika."

"Mama?"

"Nimepika, nimesema. Tangu saa tisa. Unafikiri nilikuwa nafanya nini humo ndani, nacheza na pazia?" Aliwageuzia mgongo, akaanza kupanda baraza akishikilia goti. "Ndizi na nyama. Nyama ya yule Msomali mwenye bucha Arlington, tena nimemuuliza mwenyewe kama imechinjwa vizuri. Gakii ndiye aliyenipeleka juzi."

"Ndio, hiyo nyama ni halali kabisa!" Gakii aliitikia, kisha akakumbuka kwamba yeye alikuwa na ugomvi. Alilitazama lile gari refu lililolala kwenye njia yake, akalitazama baraza, akapunga mkono. "Ah, liache hapo. Watu wa chama wata-park kwa nyasi. Lakini, Mama Melania, mimi nakuja baadaye na bakuli, na hii stori nitaisikia tena kutoka mwanzo."

Khalfan hakuwa amesogea. Alikuwa anaangalia ule mlango uliobaki wazi, na harufu ya ndizi na tangawizi iliyokuwa inatoka ndani. Mikono aliirudisha nyuma. Melania alijua anachokiona: sahani ya wali inafuka moshi, inanyanyuliwa.

Mlangoni, Bi Ndeshi alisimama. Aligeuka.

"Wewe Khalfan."

"Naam, mama."

"Marahaba." Akaitoa kwa tabu, kama mtu anayevua pete iliyokaa sana kidoleni. "Vua viatu, chomeka kile kisanduku, kiko kabatini chini ya majaketi. Halafu kaa mezani ule, na sahani ya leo hakuna atakayeinyanyua mpaka umeimaliza mwenyewe. Mshindi tutamwona sote tukishashiba."